Usikate Vipande Vyote Viwe Sawa

Swali la juma hili lilitutaka tueleze kitu kimoja cha nyumbani tulichokitengeneza kwa vitu ambavyo wengine wangevitupa, na tuseme kama kweli kilistahili kazi iliyotumika. Jibu langu ni mfarishi wa viraka unaofunika kitanda cha binti yangu hapa Njoro, ambako baridi ya Juni hadi Agosti humfanya hata mtu mzima atafute blanketi la pili. Ulistahili kazi yake yote. Hata hivyo, ningependa kutetea namna moja ya kuushona, yaani kuunganisha vipande bila mchoro uliotangulia, kwa sababu wengi wanaoanza huambiwa kwamba hatua ya kwanza ni kukata kila kitambaa kiwe mraba wa ukubwa mmoja, nami naamini ushauri huo ndio unaowakatisha tamaa.

Chukua mfuko wa mabaki kutoka kwa fundi yeyote wa cherehani mjini Nakuru, uumwage mezani. Utakuta mikato ya kwapa na ya shingo, pembe zilizosalia baada ya sketi kukatwa, kanda ndefu nyembamba za pindo la kitenge, na hapa na pale kipande kinachotosha kiganja. Ukishikilia kwamba kila kipande lazima kitoe mraba wa inchi 4, mikato mingi ya kwapa itaishia kwenye taka, na kazi uliyoianza kwa nia ya kuokoa kitambaa itakuwa imekiharibu zaidi.

Mimi huanza na kipande chenye umbo lolote, hata kiwe na pembe tano. Nakishonea ukanda ubavuni, napiga pasi, nanyoosha ukingo kwa mkasi, kisha nashonea ukanda mwingine kwenye ubavu unaofuata, nikizunguka hivyo hadi kipande kiwe kimevuka inchi 12 na nusu kila upande. Hapo ndipo rula inapohitajika kwa mara ya kwanza: nakata mraba wa inchi 12 na nusu, ambao ukishaunganishwa na wenzake kwa mishono ya robo inchi hubaki na inchi 12 kamili. Miraba mitano kwa upana na saba kwa urefu hutoa inchi 60 kwa 84, kiasi kinachofunika kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6 na kuning'inia vizuri ubavuni. Kipimo kipo, ila kinakuja mwishoni, vipande vikiwa vimeshapata nafasi ya kuamua sura yao.

Njia hii ina wenyewe, nao wanastahili kutajwa. Wanawake Wamarekani Weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilicho kwenye kona kubwa ya mto, wameshona hivi kwa vizazi kadhaa, wengi wao wakiwa wazao wa watu waliotumikishwa utumwani kwenye shamba la pamba la mahali hapo. Nyumba zao zilikuwa na baridi, na kitambaa walichokuwa nacho kilitoka kwenye nguo za kazi zilizochakaa na magunia. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaiweka kwenye stempu. Ninapotazama picha zake, kinachonigusa zaidi ni ile mistari isiyonyooka: unaona wazi mahali kitambaa kilipoishia, mshonaji akaongeza kingine cha rangi tofauti bila kujaribu kuficha.

Kukosa mchoro hakumaanishi kukosa sheria, na sheria kali zaidi inahusu uzito wa kitambaa. Kitenge cha pamba huendana na shuka, shati au sare nyepesi ya shule, lakini ukikishona pamoja na jinzi, kile kizito kitakivuta hadi kichanike kando ya mshono. Kitambaa cha sweta sikitumii kabisa. Kila kitu hufuliwa kabla ya kukatwa, hasa vitenge vyekundu na vya buluu iliyokolea, ili kama kuna rangi ya kuchuja au kitambaa cha kurudi, viishie kwenye beseni. Mikato ya kwapa nayo ina ukingo wa mshazari unaonyumbuka kila ukiushika. Kwa hiyo naiweka katikati ya mraba, ambako kanda zilizokatwa kwa kufuata uzi zitaizunguka na kuituliza. Kuhusu rangi nina msimamo mmoja tu: vitenge viwili vyenye maua makubwa visikae ubavu kwa ubavu. Kipande cha sare ya rangi moja kikiwekwa kati yao, kila kimoja huonekana.

Kwa tabaka la katikati natumia blanketi kuukuu lililofuliwa, na chini yake shuka. Cherehani ya kawaida ya miguu haipitishi unene huo kwa urahisi, kwa hiyo natandaza tabaka zote tatu sakafuni, napiga bandi, yaani mishono mirefu ya kuzishikilia kwa muda, kuanzia katikati kuelekea kingoni, kisha nafunga mafundo kwa uzi mnene wa pamba kila baada ya inchi 4 hivi. Fundo hufungwa mara mbili, na ncha zake huachwa ndefu kidogo ili lisifunguke likifuliwa.

Wasomaji watakaojaribu wamlipe fundi chochote kwa mfuko wake, maana mafundi wengine hutumia mabaki hayo kujazia mito. Vipande visivyofika upana wa inchi moja mimi pia huviweka kwenye foronya, na ikishajaa naifunga mdomo na kuitumia kama mto wa kukalia.