Jibu: Ule ukelele unaojirudia kwenye muvi una jina

Mkuu, masikio yako mazima kabisa. Umeuliza kama ni wewe tu unayesikia mtu yuleyule akipiga ukelele kwenye muvi tofauti. Kweli ni yuleyule. Ukelele huo unaitwa Wilhelm. Ulirekodiwa kwa ajili ya filamu ya Marekani ya 1951, Distant Drums, kwenye kipande ambacho askari anavuka kinamasi na mamba anamdaka. Jina lilitoka kwa askari Wilhelm wa filamu nyingine ya 1953, anayepigwa mshale wa mguu. Baadaye fundi sauti Ben Burtt akaufukua kwenye maktaba ya sauti, akauweka kwenye Star Wars ya 1977, na mafundi wenzake wakaufanya utani wao. Mpaka kwenye katuni ya Toy Story upo! Msikilize mwanasesere Buzz anapodondoka dirishani.

Kama umekulia vibanda umiza vya Temeke au Manzese, huna kosa kuuchelewa. DJ anayetafsiri yuko juu ya kila kitu, adui anaanguka ghorofani na sauti ya DJ ndiyo inayomlilia. Tafuta nakala isiyotafsiriwa, vaa spika za masikioni.

Ukimaliza huo, saka A113 kwenye katuni za Pixar: namba za magari, milango, popote. Ni chumba cha darasa la chuo cha CalArts walikosoma wachoraji wao kadhaa. Ila nakuonya, shemeji hatakubali tena kutazama na wewe, maana utakuwa unasimamisha muvi kila dakika wakati steringi anazichapa.