Wasomaji Wanauliza: Livawoti Zangu Zinaoza

SWALI: Ndugu Mhariri, naongoza wageni katika milima ya Uluguru. Nimeanza kukusanya livawoti, vile vimea vya kijani vinavyotambaa kwenye magome na majani ya msitu wa mawingu. Nilizipeleka kwa wataalamu katika mifuko ya plastiki, nikaambiwa zimeoza, hazitambuliki. Nifanyeje?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, plastiki ndiyo iliyoziharibu. Huzuia unyevu kutoka, na ukungu hutanda upesi. Tumia karatasi ya A4: ikunje sehemu tatu kwa urefu wake, rudisha kila upande sm 3 nyuma, utapata bahasha ya kama sm 15 kwa 10. Weka livawoti ndani, uiache bahasha wazi kivulini penye upepo, mbali na jua na jiko. Usiigandamize, kwani vifuko vidogo vilivyo upande wa chini wa majani ya jenasi za livawoti kama Frullania na Cololejeunea vikipondeka, spishi hazitenganishiki tena. Zile tu zinazoota juu ya majani ya miti zibane kidogo pamoja na jani lake, lisijikunje.

Lakini kabla ya kukausha kuna kazi ambayo wengi huiruka, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Ndani ya seli za livawoti nyingi mna vitone vya mafuta. Umbo, rangi na idadi yake husaidia sana kutambua spishi, na mmea ukikauka vitone hivyo hupotea. Kwa hiyo tenga kipande kibichi, kitazame siku hiyohiyo kwa hadubini inayokuza mara 400. Hesabu vitone katika seli kadhaa za katikati ya jani, si za ukingoni, kisha piga picha kwa simu kupitia lenzi ya juu. Umbo la mmea lenyewe halina haraka: hata baada ya miaka, tone la maji hulirudisha.

Juu ya bahasha andika kwa penseli, maana wino wa kawaida huchuruzika: namba, tarehe, viwianishi vya GPS (namba zinazoonyesha mahali), mwinuko, na ilipoota. “Kwenye mti” haitoshi. Taja mti gani, gome au jani, urefu kutoka ardhini. Kagua pia matawi yaliyoanguka karibuni, kwani livawoti za vileleni mwa miti hukusanywa kwa nadra, ila andika kwamba tawi lilianguka.

Ukikuta doa moja tu, chukua kipande kidogo. Na kwa kuwa msitu huo wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, pata kwanza kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kama ni utafiti.