Jibu: Tangazo la kutafuta muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi

Mkuu, unasema tangazo lako limekuletea meseji zaidi ya 200 na hakuna wa maana. Rudi usome ulichoandika: "Anahitajika kijana mchapakazi, mwaminifu, mshahara maelewano." Nani atajiona si mchapakazi?

Andika kazi yenyewe. Kwa mfano: "Utapokea mzigo wa saruji na nondo, utahesabu stoo kila Jumamosi jioni na kutoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Uwe unatofautisha nondo ya milimita 12 na ya 16 kwa macho." Asiyejua anajiondoa mwenyewe.

Mshahara utaje, hata ukiandika kuanzia hapa mpaka pale. "Maelewano" mtu mwenye kazi yake anaisoma "kidogo", anapita zake. Nauli na chakula cha mchana kama vipo, sema. Eneo pia, wa Bunju kufika Mbagala, upande wa pili wa Dar es Salaam, saa moja asubuhi kila siku ni mtihani.

Na pale ulipoongeza "awe msichana chini ya miaka 25", patoe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inakataza ubaguzi wa jinsia na umri, na inamlinda hata mwombaji. Halafu muuzaji wangu bora ni mama wa miaka 48. Mafundi wakitaka kukopa wanasubiri aende kula, maana kwake hawapati!

Ongeza kuwa hakuna ada ya maombi, maana matapeli wamewatia watu woga. Na waambie wataje duka la mwisho walilofanyia kazi. Atakayekujibu "mambo, kazi bado ipo?" hajasoma tangazo.