Imorteli zimekatika shingo na kuota ukungu: kosa liko wapi?

SWALI: Niko Kadutu, Bukavu. Nilipanda maua ya imorteli (Xerochrysum bracteatum) nizikaushe na kufunga mashada ya kuuza. Nilizikata zikiwa zimechanua vizuri, nikafunga vikonyo kama 30 pamoja na kuvitundika jikoni. Wiki mbili baadaye katikati ya maua kumetoa manyoya, vichwa vimeinama, na ndani ya shada kuna ukungu mweusi.

JIBU: Mama, kosa la kwanza lilitokea ungali shambani. Imorteli haikomi kufunguka ikishakatwa. Inaendelea hata inapokauka. Ikiwa kitovu cha manjano kilikuwa kinaonekana, ulikuwa umechelewa: kitovu hicho hukomaa, hutoa manyoya ya mbegu, na magamba, yaani vile vijani vikavu vya rangi vinavyofanana na petali, hupinduka nyuma. Kata ua safu mbili au tatu za nje za magamba zikiwa zimefunguka na katikati bado kumefumba kama kifungo cha shati. Usikate kukiwa na umande. Magamba yakilowa hujifunga, na ua lililozeeka litakudanganya kuwa ni changa. Ngoja saa nne au saa tano, jua liwe limelikausha.

Shingo kuinama ni tabia ya ua hili, wala usilaumu udongo wako. Kikonyo chini ya kichwa ni laini, na kikipoteza maji hunywea. Dawa yake ni waya, siku ileile ya kukata. Bakiza kikonyo cha sentimita 2, penyeza waya wa milimita 0.8 hivi kutoka chini mpaka uingie kichwani bila kutokeza juu. Kikonyo kikinywea kinaubana, na kutu kidogo huushika zaidi. Ndiyo maana napendelea waya wa chuma mtupu kuliko uliovikwa plastiki. Ukingoja ua likauke kwanza, kichwa kitapasuka. Maua yenye waya yasimamishe ndani ya kopo.

Yale unayoacha na vikonyo vyake, funga 8 hadi 10 tu, vichwa vikipishana. Tumia lastiki, kwa sababu kamba hulegea vikonyo vikisinyaa. Tundika vichwa chini kwa wiki 2 au 3, mahali penye giza na hewa, mbali na mvuke wa sufuria. Jua hula rangi.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za Bukavu hupungua mwezi wa sita, basi sia mbegu mwezi wa tatu ili maua yaangukie kiangazi. Usizifukie, zinahitaji mwanga kuota. Zikandamize tu juu ya udongo mbichi. Hamishia miche umbali wa sentimita 30, na samadi iwe kidogo, la sivyo vikonyo vitakuwa teketeke.

Hifadhi ndani ya katoni yenye magazeti, kamwe si mfuko wa plastiki. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, fungua utazame: maua yaliyokuwa wazi yakiwa yamejifunga, yamevuta unyevu. Yatundike tena siku mbili tatu kabla ukungu haujaanza.