Kabla ya kuwaeleza wasaili, mweleze Mama

Juzi dada mmoja wa Muheza kaniandikia: “Kaka, nimeitwa kwenye usaili wa ufadhili, nataka kusomea jeni. Nisome nini?” Ujumbe ule umenitonesha kidonda.

Mwaka jana na mimi niliitwa. MaikroRNA, vile vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti kazi ya jeni, nilizikariri zote. Nilijua kwamba Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobel ya tiba mwaka 2024 kwa kuzigundua, na kwamba lin-4, ya kwanza kugunduliwa, ilitangazwa 1993: RNA ya herufi 22 tu, ndani ya mnyoo wa milimita moja. Nikaulizwa, “Inafanya kazi gani?” Nikamwaga istilahi. Mzee mmoja akalifunga faili langu sijamaliza hata kusema. Mlio wa lile faili ninao masikioni hadi leo.

Nikarudi nyumbani, Ngamiani, Tanga. Mama anapika mikate ya kumimina kwa oda. Oda ziko kwenye daftari, mimi nanakili kikaratasi napeleka jikoni. Asubuhi moja tone la rojo la mchele likakidondokea kikaratasi na kukauka juu ya maandishi. Hakikusomeka, mkate haukupikwa. Nikapigwa na butwaa. “Mama, daftari ni jeni, kikaratasi ni RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni, mkate ni protini inayotengenezwa kwa nakala hiyo, na hili tone ndiyo maikroRNA!”

Akaniuliza, “Sasa daftari lina kosa gani?”

Halina! Jeni inaweza kuwa nzima kabisa na protini yake ikapungua, kwa sababu maikroRNA imeng’ang’ania ujumbe njiani. Na tone likikosekana, nayo ni balaa. Kuna saratani ya damu ya watu wazima, lukemia sugu ya limfosaiti, ambamo maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16, mara nyingi hupotea. Hapo BCL2, protini inayozuia seli kufa, huzidi, seli zinakataa kufa, zinarundikana.

Usaili wa pili nilieleza mikate. Barua ya kukubaliwa imefika wiki iliyopita, Mama kaiweka ndani ya msahafu wake.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikariri. Eleza. Tafuta kitu cha nyumbani kwenu, ukielezee hicho. Na ukidharauliwa usivunjike moyo: lin-4 ilionekana mambo ya mnyoo tu kwa miaka saba, hadi 2000 Ruvkun na wenzake walipoonyesha kuwa let-7, maikroRNA nyingine ya mnyoo huyo, tunayo hata sisi binadamu. Narudia, usikariri!

Jumapili nipo nyumbani. Nirekodie sauti, dakika mbili, unielezee lin-4 bila kutazama daftari.