MAGADI imeingia, lakini si jibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpenzi wa chemshabongo, naishi Mbagala. Vidokezo vya maarifa ya jumla havinisumbui. Yale ya mafumbo ndiyo yananitoa jasho. Juzi nilikuta hiki: "Penye chumvi nyingi, habari imevurugwa (6)". Tayari nilikuwa na A, A na I katika chumba cha pili, cha nne na cha sita. Nikaandika MAGADI, ikaingia vizuri kabisa. Majibu yalipotoka, nimekosa. Je, fumbo moja linaweza kuwa na majibu mawili? Halafu kuna kijana kwenye kundi letu la WhatsApp anauza programu ya kutafuta majibu, anasema ukiwa nayo hukosi. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Jibu ni BAHARI.

"Ikaingia vizuri kabisa." Kauli hii naletewa kila mara, na kila mara inanichosha. SAFARI nayo inaingia hapo. SAMAKI inaingia, KABATI inaingia, na MAJANI, na KATANI. Hata HABARI yenyewe inaingia! Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, kwa hiyo mwenye A, A na I amefika tu kwenye nyumba ya kupanga. Mwenyeji wake yuko chumba gani bado hajui.

Ulichofanya ni kuona "chumvi" ukakimbia nayo. "Habari" na "imevurugwa" ukayaacha yamekaa bila kazi. Fumbo lililotungwa kwa haki halina neno la pambo. Upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, ipo maana ya jibu. Upande uliobaki unakupa namna ya kulijenga kwa herufi. Hapa maana ni "penye chumvi nyingi". Kilichobaki ni agizo: chukua herufi za HABARI, zivuruge. Zinatoka BAHARI, zote sita, hakuna iliyobaki wala iliyoazimwa. Ile picha ya umbea uliotiwa chumvi ni chambo tu cha mtunzi.

Najua utaniambia kuna Ziwa Magadi kule Kenya, na jingine ndani ya kreta ya Ngorongoro, na yote mawili yana chumvi. Sawa. Maana umeipata, herufi tatu zimekubali. Habari iliyovurugwa iko wapi ndani ya MAGADI? Haipo. Ndiyo maana fumbo halina majibu mawili: linajithibitisha lenyewe, na ukilifumbua huhitaji kusubiri majibu ya kesho. Sheria si yangu. Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Uingereza aliyetunga kwa jina la Ximenes katika gazeti la The Observer tangu 1939, aliisimamia kwa ukali, na watunzi wengi wanaifuata hadi leo.

Basi zoea kutafuta agizo. Kuvurugwa, kulewa, kuchanganyikiwa: herufi zinapangwa upya. Kichwa kukatwa: herufi ya kwanza inaondoka, kama katika "Tunda la jembe lisilo na kichwa (4)", ambalo ni EMBE. Kuficha, kumeza, kuwa tumboni: jibu limelala katikati ya maneno. "Kikapu ndani kimemficha mbeba mizigo (5)". Soma herufi za mwisho za kikapu ukiziunganisha na za mwanzo za ndani, utamkuta PUNDA.

Na hayo maarifa ya jumla unayosema hayakusumbui, nayo yana ugonjwa huohuo. Kidokezo cha "Mji mkuu wa Burundi (6)" huniletea malalamiko kwamba nimekosea kuhesabu, kwa sababu watu wanang'ang'ania BUJUMBURA yenye herufi tisa. Ni GITEGA, tangu 2019. Idadi ya herufi ilikuwa inakuambia hivyo, ukaipuuza.

Sasa hiyo programu. Inachofanya ni kulinganisha herufi ulizonazo na orodha ya maneno, basi. Ingekutolea SAMAKI na KABATI kwa mkupuo, ubaki palepale. Tena orodha ikiwa ya kamusi, utakuta -vuruga humo. WAMEVURUGA hutaiona, na vitenzi vyetu kwenye miraba huja hivyo, vimevaa viambishi. Programu za akili mnemba ndizo zimezidi: zinaweza kukupa neno la herufi saba kwa vyumba sita bila kuona haya.

Wauzaji wa namna hii wameenea mjini. Wapo wanaochukua ada kwa wazazi, eti wanakuza akili ya mtoto kwa chemshabongo, kumbe wanamkaririsha orodha ya miji mikuu. Mtoto anaijua Gitega, mpe jembe lisilo na kichwa anakutazama tu. Wabaya zaidi ni wale wa ujumbe wa simu: unajibu swali ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza, unaambiwa umeshinda, kisha unaombwa utume pesa kidogo ya "kufungulia zawadi". Mashindano ya kweli hayamtozi mshindi. Ukiombwa hiyo pesa, futa ujumbe, na waambie wenzako wa kundi kabla kijana wenu hajaanza kuuza na hiyo.