Skrini ya bluu: programu ipi inakata vizuri, kwa macho yangu

Wadau wananiuliza sana nakatia bakgraundi kwa programu gani (yaani unamrekodi mtu mbele ya kitambaa cha rangi moja, kisha programu inaifuta rangi hiyo ili uweke picha nyingine nyuma yake), na wakisikia natumia bluu wanashangaa, mbona kila mtu yuko kwenye kijani? Sasa kazi zangu nyingi ni vipindi vya mpira hapa Dar, hebu mwambie shabiki wa Yanga avue jezi ya kijani uone. Ukimsimamisha mbele ya skrini ya kijani anabaki kichwa na mikono vinaelea. Bluu inaokoa hapo, ila ina tabu yake na hiyo tabu ndo inaamua programu ipi ikufae.

Tabu yenyewe ni chenga, vile vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha. Sensa za kamera nyingi zina vidoa vya kijani mara mbili ya vya bluu, kwa hiyo bluu inatoka dhaifu, halafu kitambaa chenyewe kinameza mwanga, kinataka taa za kutosha. Ongezea kwamba kamera nyingi tulizonazo zinarekodi 4:2:0, yaani taarifa ya rangi ni robo tu ya ile ya mwanga, halafu unategemea nywele zikatike safi! Kabla hujailaumu programu, fungua chaneli ya bluu peke yake uitazame, ukiona chenga zinachemka ujue kazi ipo.

Keylight, zana ya kukatia iliyomo ndani ya After Effects ya Adobe, wengi mnayo. Ukibofya bluu mara moja inakupa mkato mzuri tu, ila usiishie hapo, badilisha View iwe Screen Matte (picha nyeusi na nyeupe inayoonyesha kinachobaki na kinachofutwa), mtu anatakiwa awe mweupe pee na bakgraundi nyeusi tii. Mwili ukiwa na matobo ya kijivu shusha Clip White taratibu, bakgraundi ikiwa na ukungu pandisha Clip Black kidogo. Kidogo! Watu wanakimbilia Screen Gain, inayoongeza nguvu ya kufuta bluu, wanaisukuma mpaka nywele za dada wa watu zinakuwa kama kofia ya kuogelea.

Ultra Key ya Premiere, programu ya kuhariri video, ni ya haraka, kwa kipindi cha kila wiki inatosha sana, na ina Pedestal ambayo watu wanaipita tu wakati ndo inayopunguza zile chenga kwenye mkato. Nywele za afro lakini inazionea.

Mi chaguo langu ni Delta Keyer, ipo kwenye Fusion, sehemu ya efekti ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, na ipo hata kwenye toleo la bure. Kwanza ina Pre-Blur, inalainisha picha inayotumika kukokotoa mkato bila kuharibu picha yako yenyewe, kwa bluu yenye chenga hiyo ni dawa. Pili kuna nodi (kisanduku cha hatua moja ya kazi) ya Clean Plate, kama kitambaa kina mikunjo au taa imepiga upande mmoja inatengeneza ramani ya hiyo bluu isiyolingana na Delta Keyer inakata kwa kuifuata. Ubaya wake nodi zinatisha mwanzoni na laptopu ya kawaida itapiga kelele, na ile ya kuondoa chenga ya Resolve yenyewe iko kwenye toleo la Studio tu, la kulipia.

CapCut na KineMaster kwa video za simu sawa, usitegemee nywele. OBS, programu ya kurusha matangazo, kwa laivu iko poa, ila inaanzia kwenye kijani, kwa hiyo nenda kabadilishe iwe bluu kabla hujaanza kuhangaika na Similarity, kipimo cha rangi zinazofanana na bluu kiasi gani zifutwe.

Programu yoyote utakayochukua, kata mara mbili, mkato mmoja mkali wa kuziba mwili ndani na mwingine laini wa kingo na nywele, kisha unaviunganisha. Ngozi nyeusi inayong'aa inadaka bluu kwenye paji la uso na mashavuni (vipara ndo usiseme), kwa hiyo msogeze mtu mbali na kitambaa kama mita mbili hivi na mpake poda, maana ukiiachia programu iondoe bluu yote na jinzi zinageuka kijivu. Jinzi zizungushie maski, yaani mstari wa kuzikinga zisiguswe.

Na kama unampelekea edita mwingine kitu kilichokatwa, toa faili la ProRes 4444 lenye alfa (chaneli inayobeba uwazi), ile mp4 ya H.264 haibebi uwazi, atafungua akute bakgraundi nyeusi na atakupigia simu usiku.